Nani Alihesabu?

Insha tulizofundishwa shule ya msingi zilianza na hali ya hewa. Jua liliangaza, ndege wakatumbuiza, umande ukametameta juu ya nyasi. Sisi tulikuwa tumebanana kwenye darasa la mabati Kibera, ambako ndege tuliowafahamu vizuri ni kunguru na wale makorongo wa jalalani, na nyasi za kumetameta zilikuwa ng'ambo ya ua wa uwanja wa gofu. Haikujalisha. Mtihani wa KCPE ulitupa dakika 40 na alama 40, na mwalimu alihesabu methali na tashbihi zetu kama konda anavyohesabu abiria. Kila mtu alikuwa na daftari la misemo. Ukikimbia, unakimbia kama swara. Ukinyamaza, unanyamaza kama maji mtungini. Na hadithi lazima iishe kwa funzo.

Kisha mtu anafika chuo kikuu. Mhadhiri anatoa swali linaloanza na neno "Jadili", maneno 1,500, Ijumaa saa kumi jioni, halafu huyo anaenda zake. Hakuna anayekwambia kwamba hii insha na ile ya shule zimechangia jina tu. Ile inataka kuona kama unaijua lugha. Hii inakuuliza unadai nini, na umejuaje. Watu wanaingia kampasi na swara wao na umande wao, wanarudishiwa karatasi ina alama 11 kwa 30 na neno moja pembeni kwa wino mwekundu: "Hoja?" Ukiuliza hoja ni nini, unaambiwa ulipaswa kujua.

Mimi nilikuja kujua Kawangware, baada ya kuacha chuo.

Niliacha mwaka wa pili. Karo ilikwama, muhula ukapita, wa pili ukapita, na mlango ukajifunga polepole bila mtu kuusukuma. Jamaa mmoja tuliyesoma naye akaniita kwenye bedsita yake upande wa Gatina. Tulikuwa wanne, laptopu tatu, waifai moja, na sufuria ya ugali katikati. Kazi ilikuwa kuandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao. Mwenye akaunti alipokea oda kutoka mtandaoni, akatugawia, akachukua sehemu yake. Mimi nililipwa shilingi 300 kwa ukurasa, na ukurasa ni maneno 275. Kwa sababu ya saa za kule, tulilala mchana na kuandika usiku, huku mutura wa jioni ukitushikilia hadi mathree za kwanza za 46 zianze kupiga honi.

Biashara hiyo si siri tena. Mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria inayoifanya kuwa kosa kuuza huduma hiyo kwa wanafunzi wa vyuo vya England. Mwaka 2024 ikatoka filamu, The Shadow Scholars, inayomfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford mwenye asili ya Kenya, akija Nairobi kukutana na waandishi kama sisi. Watu wamebishana sana kuhusu haki na hatia katika hiyo stori. Kitu ambacho sijasikia kikisemwa sana ni kwamba zile bedsita zilikuwa shule. Kila oda ilikuja na jedwali la alama: hoja kuu asilimia fulani, ushahidi asilimia fulani, mpangilio, marejeo. Unasoma jedwali la kwanza, la kumi, la mia, unaanza kuona mhadhiri anatafuta nini. Lugha safi ilikuwa na alama zake, lakini chache. Zile nyingi zilikaa kwenye dai na ushahidi. Hakuna aliyewahi kutupa jedwali kama hilo tulipokuwa sisi wenyewe wanafunzi.

ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, oda zikaanza kupungua, na ile keja ikavunjika, kila mtu na njia yake. Mimi sasa naandika kwa jina langu, hapa na pale, inapolipa na isipolipa. Naishi bado Kawangware, lakini Jumamosi huwa nashuka Kibera kumwona mama, Makina. Natembea, Naivasha Road hadi Ngong Road, napita Adams, nakata Toi katikati ya mitumba. Na huko nyumbani habari zilishafika kwamba kijana wa fulani anajua kuandika.

Ndivyo alivyonijia binti wa mama mboga wa pale kwetu. Mwaka wa kwanza, anasomea sosholojia, wa kwanza kwao kuona kampasi. Alikuwa na swali la mhadhiri kwenye simu: jadili tatizo la makazi ya watu wa kipato cha chini katika jiji la Nairobi. Maneno 1,500. Siku nane.

"Brathe, niandikie tu," akasema. "Nitakutumia elfu moja mia tano, M-Pesa, leo leo."

Shilingi moja kwa neno. Karibu bei ileile ya mwenye akaunti. Na tokeni za stima kwangu zilikuwa zimebaki za siku moja. Nilikataa. Lile swali lilikuwa linauliza kuhusu mlango wa kwao. Kama kuna mtu Nairobi ambaye hapaswi kulipa mwingine amwambie maoni yake juu ya makazi ya watu wa kipato cha chini, ni huyu.

"Nionyeshe ulichoandika," nikamwambia.

Alikuwa na aya moja. Ilianza na binadamu tangu jadi, ikapita kwenye mahitaji matatu ya msingi, chakula, mavazi na makazi, halafu ikatua: Kibera ndicho kitongoji duni kikubwa kuliko vyote barani Afrika, chenye watu zaidi ya milioni moja.

"Nani alihesabu?"

"Si inajulikana tu?"

"Na nani?"

Akafungua simu, na kwa kweli ilijulikana. Tovuti moja ilisema milioni moja, nyingine hata zaidi. Zote zilinukuu nyingine. Nikamwambia atafute sensa. Bando lake likaisha, nikamrushia langu. Sensa ya 2009 ilihesabu Kibera watu 170,070. Sensa ya 2019 ilihesabu kaunti ndogo nzima ya Kibra, ambayo imebeba na mitaa isiyo ya mabati, ikapata watu 185,777. Jiji zima la Nairobi mwaka huo lilikuwa na watu 4,397,073. Dagoretti, ambako mimi nalipa kodi ya nyumba, ilipata 434,208, zaidi ya mara mbili ya Kibra, na sijawahi kuona basi la watalii likishusha watu Kawangware kupiga picha.

Alinyamaza kidogo, na si kama maji mtungini. Alionekana kama mtu aliyeibiwa. Amekulia Gatwekera, na maisha yake yote ameambiwa na wageni, na miradi, na walimu, kwamba yeye ni mmoja wa milioni.

Hapa ndipo insha ya chuo inapoanza. Kalamu hujashika bado, ila kuna kitu unataka kujua, na jibu unalopewa halikutoshi. Yafuatayo ndiyo tuliyofanya mimi na yeye mezani kwa mama, nayaeleza hatua kwa hatua kwa sababu najua wanaosoma hapa wengi wana Ijumaa yao inakuja.

Kwanza tulilisoma swali kama mkataba. "Jadili" si "eleza". Ukiambiwa eleza, unasema jambo lilivyo. Ukiambiwa linganisha, unaweka mawili kwenye mizani moja. Ukiambiwa tathmini, unatoa hukumu na kipimo ulichotumia. Ukiambiwa jadili, kuna pande, nawe unatakiwa kuzipitia na mwishoni usimame mahali. Kisha maneno mengine: "makazi", "kipato cha chini", "Nairobi". Yeye alitaka kuandika Nairobi yote, kuanzia Mathare hadi Mukuru. Kwa maneno 1,500? Manze, hiyo ni kuhamisha nyumba kwa boda. Tukabaki Kibera, na tukakubaliana kwamba aya ya kwanza itasema wazi kwa nini Kibera inatosha kuwa mfano.

Pili, jibu kwa sentensi moja. Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo watu wanaliruka. Nilimwambia: andika sentensi ambayo mtu mwenye akili zake anaweza kuipinga. Akaandika: "Makazi Kibera ni mabaya." Nani atapinga? Akaandika: "Serikali ifanye juhudi zaidi." Hiyo ni risala ya wafanyakazi. Tulikaa na hiyo sentensi karibu saa nzima, chai ikapoa. Ile namba ndiyo iliyomfungua. Kama Kibera ina watu milioni, basi tatizo linaonekana kama mafuriko, huwezi kufanya kitu, watu ni wengi mno. Lakini kama ni laki mbili hivi, kisingizio cha wingi kinaondoka, na inabidi uulize kitu kingine. Akauliza mwenyewe: kwani hii ardhi ni ya nani?

Sentensi aliyoandika mwishoni ilikuwa hii: tatizo la makazi Kibera halitokani hasa na wingi wa watu bali na swali la umiliki wa ardhi ambalo halijajibiwa tangu ukoloni. Hiyo mtu anaweza kuipinga, kwa hiyo inafaa.

Tatu, mpango. Tulichukua nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, tukachora mistari. Utangulizi maneno 150. Hoja tatu, kila moja 350. Upande wa pili 150. Hitimisho 150. Jumla 1,500. Mtu akiona hivyo, insha inaacha kuwa mlima, inakuwa vyumba sita vya kupanga vitu. Chini ya kila hoja tukaandika ushahidi tulionao na ushahidi tunaotafuta, na mbele ya kila ushahidi, palepale, umetoka wapi na ukurasa gani. Ukisema utatafuta marejeo baadaye, utayatafuta saa nane usiku huku unalia.

Hoja ya kwanza ikawa historia. Wanubi, askari wa King's African Rifles waliotoka Sudan, waliruhusiwa na Waingereza kukaa pale mwanzoni mwa karne ya 20. Kibra kwa lugha yao ni msitu. Waliruhusiwa kukaa, hawakupewa hati. Jumuiya yao ilipata hati ya ekari 288 mwaka 2017. Zaidi ya karne moja ya kukaa kwa ruhusa.

Hoja ya pili ikawa wapangaji. Wakazi wengi wa Kibera wanalipa kodi kwa wenye nyumba ambao wengi hawaishi humo, juu ya ardhi ambayo kisheria sehemu kubwa ni ya serikali. Asiye na uhakika wa mwaka kesho hajengi choo cha kudumu leo. Hii mama yake alimweleza vizuri kuliko kitabu chochote, lakini nikamwambia mama ni mlango tu, sasa ingia utafute utafiti uliosema hivyo, uunukuu.

Hoja ya tatu ikawa kile kinachotokea serikali ikija. Mwaka 2009 familia za Soweto Mashariki zilihamishiwa Lang'ata kupisha ujenzi, na nyumba mpya 822 zikakabidhiwa 2016. Julai 2018 matingatinga yakaingia, yakabomoa nyumba na shule kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Hapo aliacha kuandika. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati huo. Asubuhi moja njia yake ya kwenda shule ilikuwa kifusi, na jirani yao amekalia godoro juu ya mabati.

"Hiyo naweza kuiandika?" akauliza. "Ama hiyo si ya kiakademia?"

Nilimwambia aanze nayo kutafuta, asiishie nayo. Kumbukumbu yako inakuonyesha mahali pa kuchimba. Magazeti ya wiki ile yapo, taarifa za mashirika ya haki zipo, tarehe ipo: 23 Julai. Ukivipata, mhadhiri hawezi kusema hiyo ni hadithi yako tu. Na ukivisoma vizuri utaona hata vyenyewe vimeacha nini, na hapo ndipo wewe unaongeza.

Nne, mpinzani. Kila insha nzuri ina mtu ndani yake anayekataa, na anapewa nafasi ya heshima. Wa kwetu alisema: sensa inakosea. Watu wa Kibera huhama, hufunga milango, huogopa maswali, watoto hawahesabiwi. Na kweli, watafiti waliopita Kianda nyumba kwa nyumba walipata idadi iliyowafanya wakadirie Kibera yote kati ya watu 235,000 na 270,000, juu ya ile ya sensa. Usimfiche mtu huyu. Mpe maneno yake, kisha umjibu: hata makadirio hayo makubwa hayafiki theluthi ya milioni. Dai linabaki limesimama, na sasa msomaji anakuamini zaidi kwa sababu amekuona ukilijaribu.

Ndipo akaandika. Siku tatu, aya kwa aya. Nilimpa kipimo kimoja cha aya: sentensi ya kwanza idai, za katikati zithibitishe, ya mwisho iseme kwa nini hilo linagusa jibu lako kuu. Ukisoma sentensi za kwanza peke yake, kutoka juu hadi chini, zinapaswa kukuambia insha nzima kwa kifupi. Zisipokuambia, mpangilio umevurugika. Utangulizi aliuandika mwisho, kwa sababu huwezi kumkaribisha mgeni kwenye nyumba ambayo hujajua ina vyumba vingapi. Binadamu wa tangu jadi akafutwa. Siku moja aliiacha insha kabisa, akaenda kumsaidia mama kuuza sukuma. Siku ya mwisho akanisomea kwa sauti, na kila mahali alipokwama ulimi, sentensi ilikuwa ndefu au alikuwa haamini anachosema.

Aliniuliza pia kuhusu akili unde, kwa nini asiiambie tu simu imwandikie. Nilimwambia aiulize idadi ya watu wa Kibera, aone itamjibu nini, kisha aiulize imejuaje. Simu inaweza kukupa hadi jina la kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa. Mtu asiyejua kuuliza nani alihesabu, simu itamla kama vile wenye akaunti wanavyokula wengine.

Kuna kitu kinanikereketa bado. Mbinu hizi zote nilizieleza kwa Kiswahili na Sheng, juu ya meza yenye kitambaa cha plastiki, na yeye alizishika kwa siku nane. Hazikuwa ngumu. Kwa miaka kadhaa zilikaa kwenye bedsita za Kawangware, zikatumika usiku, zikavushwa bahari, zikapokelewa na watu waliovaa majoho. Nimeandika insha za uuguzi, za historia ya majimbo nisiyoweza kuyaonyesha kwenye ramani, za sera za nyumba za miji ambayo sitaiona. Zile za sera za nyumba niliziandika nikiwa nadaiwa kodi. Na kilomita chache kutoka hapo, watoto wa Kibera walikuwa wanarudishiwa karatasi zenye neno "Hoja?" pembeni.

Binti wa mama mboga alipeleka insha yake Ijumaa saa tisa na nusu, maneno 1,487. Alipata 21 kwa 30. Pembeni mwa namba za sensa, mhadhiri alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Una uhakika?"

Alinipigia simu akiwa na hasira, na nilifurahi kuisikia ile hasira. Hakuwa ananiuliza afanye nini. Alikuwa njiani kuelekea ofisini kwa mhadhiri, na ripoti ya sensa iko mkononi, ukurasa umekunjwa.